Saa za kumaki nazo ni kazi, zilipwe

Kila mgomo wa wahadhiri ukiisha hapa Kenya watu hushusha pumzi, wazazi wanamshukuru Mungu, watoto wanarudi kampasi na magodoro yao, na magazeti yanaandika ni pesa ngapi zimetoka na nani ametia saini. Huu wa juzi ulianza tarehe 17 Septemba 2025 ukafika mpaka 5 Novemba, siku 49 nzima, na kilichokua kinadaiwa ni shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 mpaka 2021, yani pesa za kazi ambayo watu walishaifanya zamani, wanafunzi wa wakati ule washahitimu na wengine saa hii wana watoto. Na hata baada ya yote hayo wamekubaliana zilipwe kwa awamu mbili, moja Novemba na nyengine Julai 2026. Mimi nimefurahi kwa ajili ya wenzangu, wallahi nimefurahi, Constantine Wasonga, katibu mkuu wakati wa mgomo, na UASU yake, chama cha wahadhiri, walisimama imara na watu walikaa bila mshahara mpaka ikaeleweka. Lakini mimi na maelfu ya watu kama mimi hatumo kwenye hizo bilioni, hatukuwahi kuwamo, na mgomo ukiisha hakuna anayeuliza sisi tumefikia wapi. Sisi ni wale wa pati taimu.

Nimefundisha hivi kwa miaka kadhaa sasa kwenye kampasi tofauti hapa Mombasa, sitataja ni zipi na haina maana kuzitaja manake hali ni ile ile, ukiongea na mtu wa Eldoret au Nakuru au Kisumu utadhani mnafundisha chuo kimoja. Nataka kueleza hii kazi ilivyo kwa ndani kwa sababu naona hata watu wa nyumbani hawaijui. Mtu akisikia "lekchara wa yunivasiti" anaona gari na nyumba Nyali, na harambee ikiitishwa jina lako linasomwa mwanzo mwanzo. Mamangu mpaka leo anaambia majirani mwanangu anafundisha chuo kikuu, na mimi namwacha aseme kwa sababu ni kweli nafundisha, na nafundisha vizuri.

Pati taimu maana yake unapewa yuniti, yani somo moja la kufundisha semista, sio ajira. Yuniti moja huhesabiwa saa 42 au 45 za darasani kwa semista, kisha unalipwa kwa saa, kwengine kwa yuniti nzima. Huna posho ya nyumba, huna likizo, huna bima ya matibabu, ukiugua umeugua. Barua ya uteuzi inatakiwa ije kabla hujaingia darasani, lakini mara nyingi inakuja katikati ya semista, au inakuja mitihani ishafanywa, au haiji kabisa na unaambiwa "we endelea tu mwalimu, iko kwa dini", yani kwa dean, mkuu wa kitivo. Ukimaliza unajaza fomu ya klemu, yani ya kudai malipo, unabandika orodha ya masomo uliyofundisha imesainiwa na kiongozi wa darasa, inapita kwa mwenyekiti wa idara, inapita kwa dini, inapita kwa msajili wa taaluma, inafika fainansi, na ikifika fainansi ndio inaanza kulala. Na kuna sharti moja ambalo watu wa nje hawalijui, klemu haiguswi mpaka uwe umeshapeleka maksi zote. Wewe unamaliza wajibu wako wote kwanza, kila karatasi, kila alama, halafu ndio unaanza kungoja.

Sasa niseme kitu kilichonifanya niandike. Wanasema wanatulipa kwa saa, na saa wanazohesabu ni zile za kusimama mbele ya darasa. Hebu tuhesabu pamoja, na hizi ni namba za mfano tu ili hesabu iwe rahisi, kila chuo kina bei yake. Tuseme yuniti moja inalipwa elfu 60 kwa saa 45, hiyo ni kama 1,333 kwa saa, na kwa Mombasa mtu anaweza kuona hiyo ni pesa nzuri. Lakini darasa lina watu 200, na 200 sio wengi kwa zile yuniti zinazochukuliwa na kila mtu, stadi za mawasiliano, ukimwi, somo la maendeleo, ambazo ndio hasa tunapewa sisi kwa sababu wenyewe wenye ajira hawazitaki. Karatasi moja ya mtihani ukiisoma kwa haki, sio kupitisha macho, inataka dakika 15. Mara 200 ni saa 50. Yani kumaki mtihani wa mwisho peke yake kunazidi saa zote za kufundisha! Kisha kuna CAT mbili, yale majaribio ya katikati ya semista, tuseme dakika 6 kila moja, hapo ni saa 40 nyengine. Tushafika 90 na sijahesabu maandalizi, na mtu anayejiheshimu haingii darasani bila kujiandaa, basi weka saa moja ya maandalizi kwa kila saa ya darasa, 45. Ongeza na zile 45 za darasani zenyewe, jumla ni saa 180. Gawanya elfu 60 kwa 180 upate shilingi 333 kwa saa, na kumbuka hapo sijatia kutunga mtihani, kusimamia mtihani, vikao vya bodi ya mitihani, wala mwanafunzi anayekupigia simu saa nne usiku analia maksi zake hazionekani kwenye potali ya chuo mtandaoni.

Kuna mtu atasema si mpunguze kumaki, mpe CAT ya kuchagua jibu sahihi umalize. Wengine wamefanya hivo na siwalaumu hata kidogo. Lakini mimi nafundisha mawasiliano, mtu anatakiwa ajifunze kuandika barua, ripoti, hoja yenye mwanzo na mwisho, na hayo huwezi kuyapima kwa A B C D. Mwanafunzi ametoka Ganze au Garsen, mzazi ameuza mbuzi, anaandika insha yake ya kwanza ya chuo na anataka mtu aisome amwambie hapa umepatia na hapa rekebisha. Nikimrudishia karatasi ina tiki tupu nimemwibia. Na siku hizi kazi imezidi kua ngumu kwa sababu nusu ya kazi za nyumbani zimeandikwa na mashine, zinasomeka laini kabisa na hazisemi kitu, na inabidi usome mara mbili mara tatu ujue ni nani amefanya mwenyewe ndio usije ukamuumiza asiye na kosa.

CUE, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwenye kanuni zake za 2014 iliweka uwiano wa wahadhiri na wanafunzi, mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 18 kwenye sayansi za jamii, 15 kwenye sanaa, 10 kwenye sayansi, 7 kwenye udaktari na yanayokwenda nayo. Najua huo ni uwiano wa jumla sio ukubwa wa darasa moja, lakini ukisimama mbele ya watu 200 au 300 bila maikrofoni, feni imekufa, mwezi wa pili, joto la Mombasa unalijua, wengine wamekaa kwenye madirisha na wengine wako kwenye veranda wanasikiliza, hiyo 18 inakua kitu cha kusoma kwenye karatasi tu. Sauti yangu ilinipotea semista moja, ikabaki kukwaruza, daktari akaniambia nisiongee kwa wiki mbili, na mimi nisipoongea silipwi. Nikaongea. Hilo ni jambo la kawaida sana kwa walimu, kuumia koo, mgongo, miguu, presha, na wengi wetu tunajitibu kwa chai ya tangawizi kwa sababu bima hatuna.

Mambo hayakua hivi tangu zamani, na ni vizuri vijana wanaoingia hii kazi wajue tulifikaje hapa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha ile programu ya sambamba, Module II, wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na vyuo vyengine vikafuata kwa kasi. Pesa ziliingia, kampasi zikafunguliwa kila mji, juu ya supamaketi, juu ya benki, hapa Mombasa mjini ulikua ukitembea unazihesabu. Na hao wanafunzi wote walihitaji kufundishwa jioni na wikendi, na vyuo vikaona rahisi kuchukua watu wa pati taimu kuliko kuajiri. Wakati ule watu walikua wanalipwa, wenzangu waliotangulia wananiambia mtu alikua anaweza kujenga kwa pesa ya Module II. Halafu ikaja 2016, mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari ikasimamiwa vikali wakati wa waziri wa elimu Matiang'i, na waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakashuka kutoka 165,766 mwaka 2015 mpaka 88,929 mwaka 2016, na 70,073 mwaka 2017. Sisemi ilikua vibaya kuzuia wizi wa mitihani, ilikua lazima. Lakini kwa vyuo ile pesa ilikauka kama kisima cha kiangazi, manake karibu kila aliyefaulu sasa akapata nafasi ya kulipiwa na serikali, na nani atajilipia? Kampasi zikafungwa moja moja. Madeni yakabaki. Na serikali nayo haikua inaleta pesa kamili kwa kila mwanafunzi kama ilivyoahidi. Mwaka 2023 wakaleta mfumo mpya wa ufadhili, kila mwanafunzi na kiwango chake kulingana na uwezo wa nyumbani, mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakwenda kinyume na katiba, rufaa ikaenda, na kwenye hizo vurugu zote mtu wa kwanza kusimamishwa kulipwa ni yule asiyekua kwenye orodha ya mshahara. Chuo kikiwa na pesa kidogo kinalipa waajiriwa ili wasigome. Sisi tukigoma, yuniti inapewa mwengine wiki hiyo hiyo, kuna vijana wana masta na wamekaa nyumbani wanangoja tu.

Kucheleweshwa huku ndio ugonjwa wenyewe, hayo mengine yote ni dalili. Nisikilizeni vizuri, naweza kuvumilia darasa kubwa, naweza kuvumilia joto, hata kumaki usiku na stima inakatika nimevumilia. Kitu kinachoharibu mtu ni kutojua. Hujui utalipwa mwezi gani, hujui mwaka gani, huwezi kumwambia mwenye nyumba kitu cha maana, huwezi kumwambia mwanao karo utalipa lini. Nina wenzangu wanadai semista nyingi, wengine chuo kimoja wengine vyuo viwili vitatu, na mmoja wao aliniambia "dadangu, mimi sasa nikifika pale fainansi yule msichana wa dirishani ananiangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndio inaniumiza kuliko deni". Huyo ni mtu ana shahada mbili na anasoma ya tatu. Anafundisha asubuhi, mchana anaendesha bodaboda mtaa ambao wanafunzi wake hawafiki, na hilo la kujificha linamla zaidi ya uchovu wenyewe, ingawa bodaboda ni kazi halali na ndio inayompa ugali.

Na zikija, zinakuja vipi? Hapa naomba usome polepole kwa sababu wengi tunapoteza pesa na hatujui. Tuseme ulifundisha yuniti mbili semista hii na mbili ile nyengine, kila moja elfu 60, jumla 240,000 kwa miezi minane. Ungelipwa elfu 30 kila mwezi, kodi ya mshahara, PAYE, kwa viwango vya 2025 ingekua kama 1,500 kwa mwezi baada ya ile nafuu ya 2,400, yani elfu 12 kwa miezi yote. Lakini wanakulipa zote mwezi mmoja baada ya miaka miwili, na kinachopita shilingi 32,333 kwa mwezi mpaka laki tano kinakatwa asilimia 30, kwa hiyo unajikuta umekatwa zaidi ya elfu 64. Pesa ilikua imeshaliwa na mfumuko wa bei, sasa inaliwa na kodi kwa sababu mwajiri ndiye aliyechelewa. Kama hiyo ndio pesa yako peke yake mwaka huo, jaza ritani yako ya mwaka kwa watu wa kodi, KRA, na udai rifandi, urudishiwe kilichozidi, kwa sababu kodi inahesabiwa upya kwa mwaka mzima, na ukidai ni haki yako. Ila uwe na ile karatasi ya P9 kutoka chuo, inayoonyesha ulicholipwa na kodi uliyokatwa mwaka huo, na kuipata hiyo P9 ni safari nyengine ya kupanda ngazi.

Sheria haiko kimya, hilo ndilo linaloniuma. Katiba ya 2010 kifungu cha 41 kinasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki na mazingira mazuri ya kazi, na ana haki ya kugoma pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu wa mkataba wa zaidi ya mwezi alipwe mwisho wa mwezi, na kifungu cha 37 kinazungumzia kibarua anayeendelea kufanya kazi mfululizo, kwamba ikifika mahali hawezi kuendelea kuitwa kibarua. Vyuo vinasema sisi sio vibarua wala waajiriwa, ni watoa huduma. Sasa mtoa huduma gani anapangiwa saa za kuingia, anapewa mtihani usimamiwe kwa kanuni za chuo, anaandikiwa barua ya onyo akikosa mkutano wa idara? UNESCO nao tangu Novemba 1997 walipitisha pendekezo lao kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, na mle ndani wanasema hata wa muda wapate malipo na masharti yanayolingana na wenzao wa kudumu. Miaka karibu thelathini.

Nisiwasahau wenye ajira, kwa sababu wengine hudhani tunawaonea wivu na sivyo. Wana pesilipu lakini pesilipu yenyewe inasema uongo. Mtu anakatwa mkopo wa sacco, anakatwa pensheni, anakatwa bima, na zile pesa chuo hakizifikishi, mtu anakuja kujua siku sacco inapomwandikia kwamba hajalipa, au siku amestaafu anaenda kuuliza pensheni yake anaonyeshwa shimo. Kukata mshahara wa mtu na kutofikisha ni kosa kwa ile ile Sheria ya Ajira, na bado limekua jambo linalosomwa kwenye ripoti za mkaguzi mkuu mwaka baada ya mwaka bila mtu kushtuka. Kupanda cheo nako ni mtihani, uandike makala, usimamie wanafunzi wa masta na PhD, ulete ufadhili wa utafiti, na bado una yuniti nne tano za kufundisha kwa sababu walioondoka hawakujazwa nafasi zao. Nimeona maprofesa wamekonda kwa kazi. Nimeona kijana mzuri sana wa takwimu ameacha, ameenda kufanya kazi na shirika, na sasa darasa lake limegawanywa kwa watu watatu ambao tayari walikua wamelemewa.

Tena hicho chama chenyewe cha UASU watu hawajui kilivyopatikana. Mwaka 1980 Rais Moi alipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, na Willy Mutunga aliyekua mhadhiri wa sheria na katibu mkuu wake aliwekwa kizuizini 1982 bila kuhukumiwa na mahakama, ndio huyo huyo aliyekuja kua Jaji Mkuu 2011. Halafu mwishoni mwa 1993 wahadhiri wakagoma wakidai UASU isajiliwe, sio mshahara, usajili tu, mgomo ukaingia 1994 miezi kwa miezi, watu wakafutwa, wakatolewa kwenye nyumba za chuo na familia zao. Chama hakikusajiliwa mpaka 2003 baada ya serikali ya NARC kuingia. Nawaambia haya pati taima wenzangu wanaosema hakuna kitu kinachowezekana. Wale walisubiri miaka kumi na walikua na polisi mlangoni. Na nawaambia UASU pia, kwa heshima zote, kwamba chama kilichozaliwa hivo hakiwezi kusema pati taimu sio wanachama wetu na kikalala. Makubaliano ya mishahara yanayosainiwa yanawahusu wenye ajira. Siku 49 za mgomo sisi hatukuingia darasani kwa hiyo hatukua na saa za kudai, na mgomo ulipoisha semista ikabanwa, tukafundisha Jumamosi na Jumapili ili wanafunzi wasipoteze mwaka. Nani alihesabu hizo Jumapili?

Kuna hili la PhD nalo. Mwaka 2014 CUE ilisema ili uitwe lekchara lazima uwe na PhD, na wenye masta wakapewa mpaka 2019. Wazo zuri, sipingi, mwanafunzi anastahili mwalimu aliyesoma. Lakini anayetakiwa kuisoma ni mtu asiyelipwa, karo ni yake, utafiti ni wake, na wakati wa kuandika tasnifu ndio ule ule wa kumaki karatasi za watu 200. Wengi nawajua wamekwama hapo, proposo ilipita, data walikusanya, sura ya nne haiandikiki kwa sababu akili imechoka. Na sisi wanawake kuna la zaidi, hakuna likizo ya uzazi kwenye pati taimu, ukijifungua katikati ya semista ama unarudi darasani mtoto ana wiki tatu na maziwa yanakutiririka, ama unapoteza yuniti na haitarudi kwako. Mwenzangu alirudi. Alikua anamnyonyesha mtoto kwenye chumba cha kuhifadhia viti kwa sababu pati taima hatuna ofisi, wanafunzi tunawaona kwenye kibanda cha chai au chini ya mwarobaini.

Siku hizi vyuo vimeanza kutuita kwenye semina za afya ya akili. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 limeuweka uchovu wa kazi kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, sio kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na kazi, na wamesema wazi unatokana na msongo wa kazini ambao haujashughulikiwa. Kazini! Haujatokana na mimi kutojua kuvuta pumzi vizuri. Niliketi kwenye semina moja, mwezeshaji mama mzuri sana mwenye moyo, akatufundisha kupumzisha mabega na kuandika mambo matatu ya kushukuru, na mwalimu mmoja mtu mzima akainua mkono akasema, mama nakushukuru sana, lakini mimi nikilipwa deni langu nitalala usingizi bila kufundishwa. Ukumbi ukanyamaza kisha watu wakampigia makofi. Mshauri nasaha tunamhitaji, kuna watu wamefika pabaya kabisa na lazima wapate wa kuongea naye, na kama wewe ni mmoja wao tafadhali usikae peke yako, tafuta mtu leo. Ila ushauri nasaha uje pamoja na pesilipu, usije badala yake.

Ninachotaka sio kikubwa. Barua ya uteuzi ije kabla ya somo la kwanza. Malipo yaje kila mwezi, hata yakiwa madogo, yaje. Darasa likizidi idadi fulani lihesabiwe kama mawili au apatikane msaidizi wa kumaki, na saa za kumaki ziandikwe kwenye mkataba na ziwe na bei, kwa sababu ndio sehemu kubwa ya kazi yenyewe, na ndio sehemu mwanafunzi anayoondoka nayo nyumbani. Na tuwe na sauti ndani ya chama, kwa kadi na kwa kura.

Kwa wenzangu wa pati taimu, wakati tunangoja hayo, hifadhini karatasi. Nakala ya barua ya uteuzi, nakala ya klemu iliyogongwa muhuri siku ulioipeleka, orodha ya masomo yenye saini, emaili uliyotuma maksi, piga picha kila kitu na simu uweke mahali pawili. Nimeona klemu ya mtu imepotea kwa sababu karani alihamishwa ofisi, na aliyekua na nakala ndiye aliyesaidika. Msikubali kuambiwa pelekeni tu, pelekeni na mrudi na muhuri. Na andikeni kwa pamoja, barua moja ya watu kumi na tano inajibiwa haraka kuliko barua kumi na tano.

Semista inayokuja nimekubali yuniti mbili badala ya tano nilizokua nikibeba, nyumbani tumekaa tukahesabu na tutabana mpaka mwezi wa nane. Nimemwandikia mwenyekiti wa idara, kwa adabu, kwamba nitaingia darasani siku nitakayopata barua iliyosainiwa, na nikamwambia pia ukubwa wa darasa ninaloweza kulisomea karatasi zake kwa haki. Sio mtu mbaya yule, naye ana mabosi wake na ana madeni yake. Akaniambia atalipeleka kwa dini. Orodha ya ratiba inatoka wiki ijayo.